Kila Mtu Alichukua Ukuta Wake

Mwaka huu nilikwenda nyumbani Kemambo nikiwa nimetumwa picha. Anayesafiri kutoka Marekani kuja kwetu anajua anavyotumwa: viatu, simu, dawa ya miguu ya mama mkubwa, hereni za shemeji. Mimi nilitumwa kinyume. Mzee mmoja wa huko, mchungaji mstaafu, aliniomba nikifika nisimame mlangoni mwa kanisa alilosaidia kulijenga kijijini kwetu enzi za ujana wake, mtu anipige picha, nimpelekee. Hakutaka kitu kingine, si kahawa, si kinyago. Nilimjibu, "Sawa, Mchungaji," nikaenda kufunga mizigo huku nikijua kwamba mlango huo haupo. Kanisa lile tulishalisaga kabla sijaanza sekondari.

Basi nilifika, Jumapili mchana, jua la kupasua kichwa. Lilipokuwa kanisa pana muhogo uliopandwa ovyo na shimo la zamani lenye maji ya kijani, ambalo mwenye shamba amelizungushia miiba ili ng'ombe wasitumbukie. Kijana aliyenileta kwa pikipiki alishika simu yangu akauliza, "Mama, nikupige ukiangalia wapi?" Nikamwambia asubiri kidogo. Akaisogeza pikipiki kivulini akaanza kuchezea simu yake, na mimi nikakaa juu ya jiwe. Ngoja nikusimulie wewe, ndugu yangu, maana hukuwa wa kanisa lile wala la huko, na labda utanisikiliza bila kunikunjia uso.

Utoto wangu ulikuwa na sauti moja kuliko zote, sauti ya vinu. Rashi, yaani mbio za watu kufuata dhahabu, ilikuwa imeshika kasi, na wageni waliingia kila siku: shemeji zetu wa upande wa Kenya, vijana wa Geita na Shinyanga wenye sururu begani, wauza vitenge wa Tarime, wauza maandazi. Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuchimba, wanawake walikaa juu wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma tangu umande haujakauka. Bibi yangu alitwanga akiimba nyimbo za kanisa kwa Kikurya, na mchi wake ulishuka pale mstari ulipoishia, hata mimi mpaka leo nikisikia nyimbo zile kwenye kinanda naona zimepungukiwa. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa maji, kuni na kuokota mavi ya ng'ombe. Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo kwa dagaa, na siku Baba alipopata kitu shimoni, tulikula nyama yenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumboni mwa ng'ombe ambao mgeni akiambiwa ni nini huweka mkono chini.

Mawe yakishasagwa yalioshwa kijitoni juu ya gunia la mkonge. Dhahabu ilishika kwenye gunia, na mchanga uliobaki ulimwagwa pembeni. Mchanga huo waliuita marudio. Ulikuwa laini, wa kijivu, unametameta kidogo juani, na ulijaa kando ya kijito vilima kwa vilima. Kuku walijigaragaza humo, na sisi tuliteleza juu yake kwa makalio mpaka gauni zikatoboka tukachapwa.

Ndipo Mchungaji akaja. Alikuja kiangazi kimoja na vijana wachache wa kanisa lake, wekundu wote kwa jua, wamebeba misumeno na mapenzi mengi. Alikuwa kijana mrefu mno, akiingia jikoni kwa bibi aliinama mpaka magotini. Siku ya pili alikula kichuri, akaongezewa, akamaliza, ndipo akauliza ni nini. Alipoambiwa alisogeza sahani aongezewe tena. Bibi alisema huyo ni wa hapa sasa, tumbo lake limeshakubali. Wale wenzake walirudi kwao baada ya wiki chache, yeye akabaki mpaka paa limekwisha, na Kiswahili akakishika, Kiswahili chetu hiki cha bara, kilichojaa Kikurya.

Kwetu kazi ya wote hugawanywa kwa miji. Mji kwetu ni boma, baba na watu wake. Barabara ikitengenezwa, kila mji una kipande chake, na kikiharibika kila mtu anajua aulizwe nani. Kanisa lilijengwa hivyo hivyo. Wazee walipima kuta kwa kamba, wakakata vipande, kila mji ukafyatua matofali yake mabichi na kuyapanga wenyewe. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali, na marudio yalikuwa pale pale, safi na ya bure. Baba yangu, tuliyemwita Tata na aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyetoa wazo kwamba tuchanganye udongo na marudio. Mchungaji aliushika mchanga ule kiganjani akausifu kwamba hata kwao hawana laini hivyo.

Kipande chetu kilikuwa kando ya madhabahu, chenye dirisha. Tata hakujaliwa watoto wa kiume, mikono ya mji wetu ilikuwa michache, kwa hiyo Mchungaji akajiunga na sisi. Walijenga wawili, mimi na dada zangu tukipitisha matofali. Tata alimwita "mura", kama anavyoitwa kijana yeyote wa Kikurya, na yeye aliitika bila kigugumizi. "Mura, umepinda." "Ndiyo, Tata." Akabomoa, akapanga upya. Ukuta wetu ukatoka umenyooka kuliko yote, na sisi watoto wa mji ule tukawa na maringo. Kila mtoto alijua ukuta wa kwao. Tulikaa ibadani kila mmoja ameegemea wa kwao, na wa kwa jirani yetu, uliobenuka katikati, tuliutania kwamba una mimba.

Ilipofika siku ya kufungua kanisa ilipigwa picha: ukuta mweupe wa chokaa, mlango wa bluu, watu wote mbele tumekunja nyuso kwa jua. Mchungaji akarudi kwao Ohio na picha hiyo, akatuachia mwinjilisti, mtu mfupi wa Nyanungu, mpole, mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili. Tangu hapo kila Jumapili mwinjilisti alituambia kwamba wenzetu wa Marekani wanatuombea, na sisi tukawaombea wao. Mji wao nilijua kuutaja kabla sijajua kuutaja Dodoma. Bibi hakuwa na uhakika sana na mpango huo. Alisema kama wanaomba kwa Kiingereza, basi Mungu wa huku atahitaji mkalimani.

Jumamosi ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi. Wanawake na wasichana tulikwenda kusiriba sakafu ya kanisa, mavi ya ng'ombe, majivu na marudio, tukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili tusikanyage pabichi. Aliyetuongoza ni jirani yetu, mama kiongozi wa akina mama, mwanamke mwenye nguvu na maneno, aliyetuzabua mgongoni kwa mkono wa matope tukiacha mabaka. Harufu ile ya sakafu mbichi, na jua likiingia kwenye dirisha letu, sijaipata mahali pengine popote, na niliitafuta.

Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi walipokuja watu wa karasha, zile mashine za kusaga mawe, na zebaki. Walitoka upande wa pili wa ziwa. Mmoja wao alichota marudio kando ya kijito, akayatia kwenye karai na zebaki kidogo, akazungusha, akakamua kwenye kitambaa, akachoma. Kilichobaki kwenye kijiko kilikuwa punje ya njano. Vinu vyetu, kumbe, vilikuwa vimeacha nyingi. Kina mama walioona walikaa chini. Miaka yote ile walikuwa wamemwaga dhahabu, na kuku wakaiogea.

Vilima vya kijitoni viliisha haraka. Wakahamia viwanjani, wakakwangua, kisha majumbani, maana sakafu za nyumba nazo tulizisiriba kwa marudio. Bibi alikwangua sakafu ya jiko lake mwenyewe, akachimba mpaka mafiga yakaanguka, huku akicheka kwamba amekuwa akipika mboga ya mgagani juu ya utajiri. Baada ya hapo, Jumapili moja, niliona watu hawamwangalii mwinjilisti akihubiri. Walikuwa wanaangalia kuta.

Baada ya ibada walibaki kuzungumza, na sisi watoto tukasikiliza dirishani. Mwinjilisti alisema hii ni nyumba ya Mungu. Mzee mmoja akamjibu kwa heshima kabisa, "Nyumba ni ya Mungu, mwinjilisti, hatubishi. Lakini mchanga ni wetu." Wakakubaliana kukwangua sakafu tu, kisha isiribwe upya kwa udongo wa kawaida. Ikakwanguliwa, ikasiribwa, na hapo mambo yangeweza kuishia.

Lakini mtoto wa jirani yetu, yule mama kiongozi, alivimba mguu, ikabidi apelekwe hospitali Musoma. Hawakuwa na kitu. Siku ya Jumatatu mume wake alikuja na miti, akaegemeza paa vizuri, akatoa kipande chao cha ukuta, tofali moja moja, ule ukuta wenye mimba, akaupeleka kusagwa karasha. Hakuna aliyemzuia. Ungemzuiaje mtu asichukue alichokifyatua kwa mikono yake, na mtoto wake analia? Jumapili walikuja kama kawaida, wakakaa penye pengo lao, upepo ukiwapeperusha kanga. Mtoto alipona mguu.

Wiki iliyofuata mji mwingine ukatoa wake kwa sababu ya deni la ng'ombe. Mwingine akatoa kwa sababu ukuta wake umebaki unaning'inia katikati ya mapengo mawili. Waliofuata hawakutoa sababu, na hawakuulizwa. Ninachotaka ukielewe, ndugu yangu, ni kwamba hakuna aliyebomoa kanisa. Ukiwauliza mpaka leo watakuapia, na hawadanganyi. Kila mtu alichukua ukuta wake. Mabati yaligawanywa kwa haki, nguzo zikawa kuni, na mlango wa bluu ukafungwa kwenye zizi la mbuzi la mtu mmoja.

Kikabaki kipande chetu, peke yake uwanjani, na dirisha lake. Watu walimwambia Tata achukue chake amalize. Tata alisema hawezi, kipande kile kina mikono ya mgeni ndani, si cha mji wetu peke yake. Alikuwa mtu wa misimamo, na watu wakamwacha.

Halafu matokeo ya darasa la saba yakaja, nikawa nimechaguliwa kwenda sekondari Musoma. Furaha ilikuwa ya siku moja. Sanduku la chuma, godoro, sare, viatu vyeusi, ada, vyote vilitakiwa, na duara la Tata lilikuwa limejaa maji. Kila asubuhi nikienda kuchota maji nilipita kwenye ule ukuta, na niliomba. Niliomba uanguke wenyewe, ili niende shule na Tata asiwe na dhambi. Nilikuwa mtoto, nilidhani Mungu anaweza kupangiwa hivyo.

Mvua zikaanza. Tofali bichi lisilo na paa haliwezi mvua, na ukuta ukaanza kuvimba chini na kuinama. Tata alisimama pale akitazama maji ya kijivu yakitiririka kutoka kwenye ukuta kuelekea kijitoni, akarudi nyumbani, akachukua toroli. Hakuita mtu. Mimi nilibeba tofali mpaka kwenye toroli, na yeye alisukuma mpaka kwenye karasha, huku na huko, mpaka ukuta ukaisha. Viatu vyangu vya shule vililia kwa mwaka mzima nikitembea. Wenzangu walinicheka, na mimi kila vikilia nilijua vimetoka wapi.

Mwinjilisti aliendelea kukusanya watu uani kwake. Wageni wachache waliopita kwenda Marekani aliwapa salamu zile zile: "Waambieni, kanisa lao linawasalimu." Likizo moja nilimuuliza kwa nini asiwaambie ukweli. Alinitazama kama mtu aliyechoka. "Wakijua wataacha kutuombea," alisema. "Na sasa ndio tunahitaji."

Miaka imepita mingi. Nilisomea uuguzi, bahati nasibu ya viza ikanipata, nikaenda. Nilipopata gari langu la kwanza niliendesha mpaka kwenye ule mji wa Ohio ambao jina lake nililijua tangu utotoni. Kanisa lao lilikuwa la matofali mekundu, na lilikuwa na watu wachache, wote wenye mvi, katika ukumbi wa kukaa mamia. Vijana wao wanakwenda kwenye kanisa kubwa la kando ya barabara kuu, lenye bendi na skrini na mhubiri mwenye kipaza sauti shavuni. Ukutani kwao, mahali ambapo wengine wangeweka msalaba, ilikuwepo picha yetu. Mchungaji alinitambua nilipotaja jina la Tata. Alilia. Alinisimamisha mbele akasema huyu ni binti wa kanisa letu la Afrika, na akauliza mbele ya wote, kanisa linaendeleaje? Wale wazee walikuwa wananitazama kama watoto wanaosubiri andazi. Nikasema, "Linawasalimu."

Wakapiga makofi. Tukashuka chini kwenye jiko lao, tukala viazi vya kuoka na jibini na kahawa nyepesi, nikawa wa kwao. Nilirudi kila nilipopata nafasi, miaka na miaka, na kila mara niliulizwa, na kila mara lilikuwa linawasalimu. Mwishowe walishindwa. Kanisa likauzwa, sasa ni mahali watu wanapokwenda kunyanyua vyuma, na Mchungaji yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, picha imetundikwa juu ya kitanda. Husema moja limeondoka, moja limebaki, Mungu hakuwaacha mikono mitupu. Hiyo ndiyo picha aliyotaka nimletee mpya yake.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa kwenye jiwe. Ningeweza kupiga picha mbele ya kanisa lolote, kuna mengi siku hizi. Nilifikiri hilo, sitakuficha. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, na kwao ni asubuhi, na yeye huamka mapema. Nikampigia.

"Umefika?" aliuliza kwa Kiswahili. Mambo mengi ameyasahau, Kiswahili hapana.

"Nimefika, Mchungaji. Shikamoo."

"Marahaba. Mlango bado ni bluu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa Kiswahili, kwa sababu kwenye Kiingereza ningepata pa kujificha. Nilimweleza marudio, mguu wa mtoto, mapengo, mabati. Hakunikatiza. Nilisikia mtu wa huko akimwekea kikombe mezani.

"Hata kipande chetu?" aliuliza. "Cha mimi na Tata?"

"Hicho ndicho cha mwisho."

"Alifanyia nini, Tata?"

"Alinipeleka shule."

Nilisikia akiinua kile kikombe na kukirudisha. "Hiyo ni sawa," alisema. "Ningemsaidia kusukuma." Kisha akauliza kwa nini hatukumwambia, nami nikampa jibu la mwinjilisti, kwamba tuliogopa wangeacha kutuombea.

Akahamia Kiingereza, na sauti ikabadilika. Aliniambia walitaka kufunga kanisa lao zamani sana, kabla mimi sijawafikia. Paa lilivuja, watu hawapo. Walikutana kule chini jikoni kuamua, na wengi walikuwa wamechoka. Yeye alipanda juu, akaitoa picha yetu ukutani, akaipitisha mkono kwa mkono. Aliwaambia watazame, watu hawa hawana kitu, na wamelilinda lao. Sisi tutaanzaje kulifunga letu? Walilia, wakakubali kuendelea.

"Unamkumbuka bibi wa kinanda?" aliuliza.

Namkumbuka. Alikuwa mjane mwembamba mwenye vidole vilivyopinda, na alinitengea kipande cha pembeni cha viazi vya kuoka kwa sababu nilimwambia napenda palipokauka. Siku niliyokwenda kumtembelea, kwenye theluji, alinizuia nisivue koti, nikadhani ni desturi yao. Mchungaji akaniambia kwamba bibi yule alizima mashine ya kupasha joto nyumba yake ili alichokiokoa akitoe kanisani. Hakumwambia mtu. Walijua walipomkuta Februari moja, jikoni kwake, na koti lake mwilini, ameshakufa.

Nilikuwepo kwenye mazishi yake. Nilikula viazi.

"Mimi ndiye niliyempa ile picha mkononi," Mchungaji alisema.

Nilimwambia hakujua. Akasema ndiyo, hakujua, lakini aliitumia. Aliniomba nisiwaambie wale waliobaki, ni wazee sana. Kisha muuguzi akaingia na dawa, Mchungaji akaniaga kwa Kikurya kibovu, tukakata simu.

Nilitamani kulia ila machozi hayakuja. Nilikasirika na kila mtu, na mwinjilisti, na Tata, na Mchungaji, kisha hasira zikarudi nyumbani kwangu, kwa sababu wao walidanganya au kudanganyika kwa mbali, mimi nilisimama mbele ya bibi yule, nikamtazama machoni, nikasema linawasalimu.

Hapo nikasikia mtu ananiita. Mwanamke mzee sana alikuwa anakuja kwenye njia ya muhogo, amejitegemeza kwenye fimbo, amevaa kanga ya ibada. Alikuwa ni jirani yetu, mama kiongozi. Nilimwamkia, akaitika, akanishika uso kwa mikono miwili akaugeuza huku na huku.

"Wewe ni wa kwa yule mwenye dirisha," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Umenenepa. Vizuri." Akakaa kwenye jiwe langu bila kuniomba. Aliniambia mwinjilisti amefariki, na vijana wote wamehamia kwenye makanisa ya kule senta, ya spika, wachungaji wenye viatu vinavyometa wanaoahidi watu magari. "Wanahubiri kama wa kwenu huko Marekani. Tumebaki sisi wazee, tunasali kwangu uani. Tunaanza saa kumi."

"Mbona jioni hivyo?"

"Si ndio wenzetu wanaingia kanisani? Mwinjilisti alipiga hesabu ya saa, akasema saa kumi yetu ni asubuhi yao. Alitaka tuombe pamoja." Akanitazama. "Hawajambo wale?"

"Hawajambo, mama."

"Bado wanatuombea?"

Mdomo wangu ulifunguka kusema kweli. Nilikuwa nimeshaianza kweli hiyo kwa Mchungaji, ilibaki kuimalizia tu.

"Maana wenzangu wanachoka," aliendelea. "Magoti, macho, mvua. Mimi huwaambia, wale wa Marekani saa hii wako kanisani kwao wanatutaja, sisi tutakaaje nyumbani? Basi wanakuja. Mwingine anabebwa na mjukuu."

"Bado wanawaombea," nikasema.

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akainuka, akanivuta mkono. Kijana wa pikipiki akauliza habari za picha, nikamwambia aache.

Uani kwake walikuwa wamekaa kwenye vigoda, wanawake wazee ambao niliwajua zamani kwa kuta zao, na mikeka chini, na uji wa wimbi kwenye sufuria pembeni. Hakuna vinu tena, karasha ziko mbali na zinapiga kelele moja isiyo na wimbo. Tata hayupo, bibi hayupo, hakuna anayesiriba sakafu akirudi kinyumenyume, wala mtoto anayejua ukuta wa kwao. Waliimba moja ya zile nyimbo, na mahali pa mchi niliusikia ukikosekana. Halafu mama kiongozi akasema leo mgeni wetu ndiye atawaombea wenzetu, maana yeye anawajua kwa sura.

Nikasimama, nikafumba macho. Niliwaombea wazee wale mmoja mmoja, nikamtaja na bibi wa kinanda kama mtu aliye hai, Mungu ampe joto. Niliombea kanisa lao lisimame imara, lisikose watu. Wakaitikia amina, na mama kiongozi akaitikia kwa sauti kuliko wote.